Kitufe cha Bi Tunu

Sheria ilitaka kila mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza awekewe kidude begani, na mzazi apewe kitufe cha kumzuia mtoto asitembee sukari ikishuka.

Siku ya fainali ya netiboli, Mwanahawa alikuwa akikimbia vizuri. Mama yake, Bi Tunu, alipomwona anahema, alibonyeza kitufe. Miguu ya binti ikafa ganzi, akaketi uwanjani na mpira mkononi.

“Sukari yangu ilikuwa sawa, mama,” alisema walipofika nyumbani.

“Niliogopa, mwanangu. Nisamehe.”

“Yameisha, mama.”

Hakuomba tena kwenda mazoezini, na Bi Tunu akashusha pumzi. Lakini asubuhi moja alimkuta binti amesimama chini ya ngazi za nyumbani, akimtazama, akingoja kuruhusiwa kupanda.