Kamba ya Mgongoni

Kamba ya gauni la hospitali iling'oka mkononi mwa muuguzi, mama akiwa ameketi kitandani tayari kupelekwa chumba cha upasuaji.

Mama aliipokea, akapapasa mshono kwa kidole gumba. Magauni yote ya wodi ile tunayashona sisi wawili nyumbani. Kila kamba yeye huipitisha sindano mara tatu. Mimi, kwa haraka zangu, mara moja.

"Hii ni yako, mwanangu."

Niliinamisha kichwa. Tangu anifundishe kushona amekuwa akiniambia nimshonee mgonjwa kama ninayemvika Yesu.

"Basi leo Yesu wako anaingia kwa daktari mgongo wazi," akasema, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Muuguzi akageuka kwenda kuleta gauni jingine.

"Ngoja kidogo, dada," mama akamwambia. "Huyu mwanangu hatembei bila sindano na uzi."

Niliichomoa sindano kwenye kola yangu, nikapiga magoti kitandani nyuma ya mama. Mgongo wake ulikuwa na joto, na mifupa ningeweza kuihesabu. Nilishona polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Tayari?" muuguzi aliuliza.

"Bado," nikasema, nikapitisha ya nne.