Waya wa Wifi

Siku hizo kompyuta huchajiwa kwenye skrini ya sebuleni tu, na skrini hiyo, ikipata waya unaopitisha picha, huanika kila ujumbe uliowahi kufutwa. Kwa hiyo Mwanapili hakuachana na waya wake wa kupitisha chaji tu. Kwa macho, nyaya hizo mbili hazina tofauti.

Miaka minne alikuwa akimtangaza wifi yake Tumu kuwa tasa, na akiulizwa, anaapa hajasema neno. Leo, ukoo umejaa kwa chai ya Idi, Tumu alikuwa ameshambadilishia waya mkobani, akaweka ule wa picha.

"Wifi, nichomekee, chaji inaisha," Mwanapili akasema, akimpa Tumu kompyuta na waya.

"Lete, wifi yangu."

Skrini ikawaka: "Mama, Tumu hazai. Kaka aoe mwingine." Mwanapili akaziba uso kwa mtandio. Tumu akahisi moyo umepoa.

Kisha ukatokea ujumbe uliotangulia huo, kutoka kwa mumewe Tumu, Athumani: "Dada, daktari kasema tatizo ni langu. Nisitiri. Waambie ni mke wangu."

"Chomoa, Tumu," Athumani akanong'ona.

Tumu akasimama mbele ya waya, akamgeukia mama mkwe.

"Kunywa chai, mama. Bado yapo mengine."