Kanga Akagua Hesabu za Mwewe

Wanyama walipokuwa na serikali yao, palikuwa na Idara ya Kuonyesha Njia. Iliweka mwewe saba angani, ili msafiri aliyepotea ainue macho, aulize, aambiwe yuko wapi. Kila mwaka wanyama waliwalipa posho, na kila mwaka mkaguzi alihakiki kama mwewe waliolipwa wapo kweli.

Mwaka huo zamu ilimwangukia Kanga, na Kanga ana vifaranga, na mwewe hula vifaranga, basi moyo ukamwenda mbio tangu asubuhi.

"Wewe wahesabu ukiwa kichakani, mama watoto," Kwale, mkaguzi wa mwaka jana, alimshauri. "Mimi nilifanya hivyo, nikaona sita. Tukakata posho ya mmoja."

Kanga akachungulia kutoka kichakani, na kweli akaona sita. Lakini matawi yalikuwa yameziba kipande cha mbingu. Akawaficha wanawe, akatoka uwanjani peke yake, akainua shingo. Wa saba alikuwa pale pale juu ya kichaka, akimwelekeza swala kwenye maji. Hakuna mwewe aliyeacha kituo chake.

Barazani Kanga akatangaza, "Wapo wote saba. Hesabu ni safi, na yule tuliyemkata mwaka jana arudishiwe posho yake."

Fisi akacheka. "Sema umewaogopa, dada."

"Nimewaogopa sana, kaka," Kanga akajibu. "Ningeogopa zaidi ya hapo ningebaki kichakani, nao wangekuwa sita."