Kadi ya Bosi

"Mama Bosi, lete mtoto," nesi aliita.

Mama Bosi hakuinuka. Mama mkwe wake alikuwa ameshika pembe ya shuka la kichanga, mdogo wake Bosi, na kuiachia hataki.

"Sindano ndiyo iliyonichukulia mjukuu," mama mkwe alisema. "Huyu hachomwi."

Mjukuu mwenyewe, Bosi, miaka mitatu, alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa za dawa, vya bluu peke yake, vya kijani peke yake. Ukimwita hageuki. Mwezi uliopita daktari alisema ana usonji.

"Bibi, chanjo haileti usonji," nesi alisema.

"Mwanangu, wewe si ndiyo kazi yako? Utasemaje kingine?"

Bosi alipokuwa kichanga, foleni ya kliniki ilikuwa inamchelewesha Mama Bosi zamu ya kiwandani. Basi alimpitisha Bosi kwa mlezi wa watoto moja kwa moja, na jioni akamwambia mama mkwe: nimempeleka, amelia kidogo tu. Bosi hakuwahi kuchomwa hata sindano moja.

Mama Bosi aliitoa kadi ya chanjo ya Bosi kwenye mkoba, akaiweka kwenye magoti ya mama mkwe.

Mama mkwe akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Zote nyeupe pee, hazina hata muhuri. Vidole vyake vikaliachia shuka.

Mama Bosi akasogea kwa nesi, akalifunua paja la kichanga.

"Kumbe si sindano," mama mkwe alisema nyuma yake, polepole. "Kumbe ni wewe."