Mshono wa Kwapani

Zilibaki siku chache tu kabla ya mashindano marefu ya kwanza ya Sikudhani, ya kuogelea, baiskeli na mbio, nguo yake ya kubana ilipofumuka kwapani. Akajibanza chumbani kuishona. Mama mkwe wake, Bi Mwanate, akaingia bila hodi.

"Kijinguo hiki ndicho utakachovaa mbele za watu?"

"Ndiyo, mama. Kutwa nzima."

Bi Mwanate aliichukua, akaivuta huku na huku, uso kaukunja. Sikudhani akangoja kukatazwa.

"Uzi huu hautahimili maji," mama akasema. "Ivae, nione unavyoogelea."

Sikudhani akaivaa, akainama, akaanza kupiga mikono hewani huku akitembea. Bi Mwanate, pini mdomoni, akamfuata ubavuni. Walipofika ukutani wakageuka, wakaanza tena.