Nyumba ya Kipimo

Bwawa halisikilizi wakulima wala watu wa mjini. Linaitazama nyumba yetu tu. Mpunga wa jaruba letu ukinyauka, maji huachiwa kwenye mifereji ya mpunga. Mwanangu Mbonea akishikwa na kiu, mifereji hufungwa na maji huelekezwa kwenye mabomba ya mjini. Ndiyo sheria, na kuhama haturuhusiwi.

Asubuhi hii dada yangu Nakijwa alifika kutoka mjini, midomo imempasuka.

"Mnyime maji mpaka jioni tu, mdogo wangu. Wanangu wanaumwa."

"Dada, huyu ni mtoto!"

"Na wangu ni mawe?"

Nikaufunika mtungi wa maji.

Mama mkwe, ambaye mpunga wake ndio kwanza unachanua, alinipita bila kunitazama. Akaufunua mtungi, akajaza kikombe mpaka pomoni.

"Njoo unywe, mume wangu," alimwita mjukuu wake kwa sauti tamu.

Mbonea, ambaye hata miaka mitano hajatimiza, alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa. Alitutazama wote watatu, mmoja mmoja.

"Bibi," akauliza, "nikinywa, leo atalia nani?"