Nungunungu Aliyeficha Mahindi Hayajakauka

Haya, tegeni masikio niwape kisa cha Nungunungu na wifi yake, Panya.

Nungunungu alimwona kila mtu mwizi. Wenzake walipoanika mahindi uani, yeye aliyafungia ghalani hayajakauka, akaziba mlango kwa udongo ili Panya asijue amevuna kiasi gani.

Njaa ilipoingia akafungua. Mahindi yameota ukungu wa kijani, yananuka.

"Wifi, umenirogea mahindi!"

"Mlango si uliziba mwenyewe? Nimepitia wapi?" Panya akamjibu. "Umeyafungia na maji yake, ndiyo yamevunda. Yatupe."

"Niyatupe uje uyaokote? Nakujua wewe!"

Akayaosha, akayasaga, akawapikia wanawe uji.

Panya akasogea. "Wifi, kuiba naiba, sikatai. Nimeiba kila nyumba hapa, na kwako pia. Lakini hayo, hata ukiniwekea mlangoni, siyali. Ni sumu."

Nungunungu akawatazama watoto na vibakuli vyao vitupu mkononi. Hata mwizi anayakataa? Akaipiga sufuria teke, uji wote ukamwagika.

Wanawe walilala na njaa siku hiyo, lakini asubuhi waliamka wote.